Mama Safi Anyamaza

Sitakuficha: machinjio yananitia kinyaa hadi leo. Sakafu haikauki, nzi wanatua mpaka kwenye kope, na ile harufu inakufuata nyumbani ikalala nawe kitanda kimoja. Lakini nina kibanda cha chakula na wateja wangu wanapenda matumbo, kwa hiyo kila alfajiri nilifika pale na ndoo yangu. Muoshaji aliyeaminika kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye kucha zilizoliwa na maji. Wanunuzi walimwita Mama Safi.

Jina lilitoka kwenye kazi. Pale beseni halinyanyuliwi mpaka muoshaji atamke "safi". Anageuza tumbo ndani nje, anakwangua, anasuuza, ananusa, ndipo anasema. Wenzake walilisema neno hilo huku wakipiga soga. Yeye alitulia kwanza, akavuta pumzi. Niliwahi kumtania kwamba anawabatiza ng'ombe waliokwisha kufa. Alicheka, kisha akaniambia kuwa zamani, kabla hajabatizwa, mwalimu wa dini alimfundisha kwamba Amina maana yake ni "ni kweli". Tangu hapo hakuona tofauti kati ya Amina na "safi". Ukishalisema, limekufunga.

Mwenye machinjio alipofariki, wanawe wakaja na mambo yao. Mashine ya kuoshea ikaingia, majokofu yakapangwa ukutani, wanawake wakaambiwa asanteni. Akabakizwa mama mkwe peke yake. Nyumbani tulimshukuru Mungu, na mume wangu akawa anatembea kifua mbele. Hatukujiuliza mashine inamhitaji wa nini.

Aliyembakiza ni msimamizi wa machinjio, na huyo ndiye hasa anayenichafua roho. Kanisani kwetu anaongoza kwaya. Wakati wa maombi yeye ni wa kwanza kufumba macho na wa mwisho kuyafumbua, na sauti yake ni tamu mpaka wazee wanafuta machozi. Kumbe umeme ukikatika, na ulikatika kila mara, matumbo yaliyomo majokofuni yanaoza, naye anayatumbukiza kwenye dawa ya kung'arishia nguo hadi yanatoka meupe kama kola ya joho lake la kwaya.

Tulijua siku mama mkwe aliporudi akakataa kula. Msimamizi alimwambia wazi: kazi yake sasa ni kusimama mbele ya wanunuzi na kusema "safi" juu ya mabeseni hayo, kwa sababu sauti yake ndiyo wanayoiamini. Hataki, aende walikokwenda wenzake. Tena akamwombea palepale, mkono begani, ili Bwana amlainishe moyo. Mkono huohuo uliotoka kwenye dawa!

Mume wangu aliogopa njaa, na simlaumu. Akasema, "Neno moja tu, mama. Si wewe uliyeyaozesha."

"Nikishalisema," mama yake akajibu, "jioni nitasema Amina kwa mdomo gani?"

Usiku ule hakujifanya shujaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia anaogopa, kwa umri wake hakuna atakayempa kazi. Akahesabu yaliyogeuka: mwenye mali si yule, kazi si ile, hata kanisa limeletewa spika za kupasua masikio. Yule anayemwambia Amina, alisema, hajageuka. Kisha akalala, akakoroma. Mimi ndiye niliyekesha.

Asubuhi tulipanga foleni kama kawaida. Mabeseni yakaletwa, yanang'aa. Mama mkwe akainamia la kwanza. Nami nikasogea, nikalishika tumbo la juu, likateleza mkononi. Ndani lilikuwa la kijani, na chini ya harufu ya dawa kulikuwa na uvundo uliopanda hadi kooni. Nilikimbilia nyuma ya ukuta nikatapika.

Niliporudi, bado alikuwa kimya. Mpagazi ameshika masikio ya beseni, anangoja neno. Wanunuzi wameacha kuongea.

"Sema, mama," msimamizi akahimiza kwa sauti ya kanisani. "Watu wanasubiri."

Hakusema. Ndipo msimamizi mwenyewe akaita "safi", kwa sauti nzuri, imejaa kifua. Mpagazi akaachia beseni. Ndoo tupu, moja baada ya nyingine, zikageuzwa kuelekea mlangoni, watu wakaondoka bila kuaga.

Mama mkwe alifukuzwa kabla jua halijachomoza vizuri. Alifua aproni yake, akaikamua, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka.

Jumapili msimamizi aliongoza maombi ya shukrani kwa ajili ya mashine mpya. Alishukuru kwa machozi, watu wazima na akili zao wakaitikia Amina kanisa zima. Nilimtazama mama mkwe. Midomo imefungwa, mikono magotini, wala hana hasira. Hasira nilikuwa nazo mimi, za watu wawili.

Jioni tulikula maharage matupu. Mama mkwe akakishukuria chakula kwa maneno yaleyale ya siku zote, hakupunguza hata moja. Mume wangu akaitikia. Mimi niliinua sahani, nikanusa, nikaichungulia, wakanitazama wote. Ndipo nikasema Amina.