Nguo ya Mama Ukutani

Mvua iliyotubomolea nyumba Buguruni naikumbuka kwa sababu ya kuku. Ukuta wa nyuma ulianguka, maji yakaingia, kuku wa mama wakawa wanahangaika bandani kwa makelele. Sisi watoto tunangoja atoke na kuku. Mama akatoka na sanduku la bati kichwani.

Jirani mmoja, mwanamke wa maneno, akamwambia, "We dada, kuku wanakufa, umebeba bati?"

"Kuku nitafuga wengine," mama akasema, akapita.

Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba, nguzo zilitoka Kisarawe, zikaliwa na mchwa mapema, lakini haya, sizungumzii nguzo. Nazungumzia sanduku. Ndani yake mlikuwa na bafta nyeupe, sanda yake mwenyewe. Mjomba wake alipokwenda Makka aliiosha kwa maji ya Zamzam, akamletea. Kina mama wengi wa kwetu kusini walikuwa hivyo, mtu anajiwekea nguo ya kuzikiwa mapema, na Idi ikipita anaianika kidogo, anaikunja upya. Mimi nilikuwa namshikia ncha ya pili. Shule niliachia darasa la nne, nikawa nauza nazi Kariakoo, kwa hiyo mambo ya nyumbani niliyajua. Mdogo wangu shule zilimchukua, bweni hili, bweni lile, mpaka chuo kikuu, akasomea kuchora.

Basi miaka ile ya ujamaa vitu vikawa adimu. Sabuni foleni, sukari foleni, na bafta ikiingia duka la ushirika inakwisha hujafika mlangoni. Chuoni walikuwa na jumba la sanaa, na mwalimu mmoja Mmarekani mweusi, maana wakati ule walikuja wengi kuishi na sisi. Yeye alileta picha za wenzake wa kwao, akataka zitundikwe upande mmoja, upande wa pili zikae kazi za vijana waliowahi kusoma pale. Mdogo wangu naye akaombwa picha. Turubai ya kuchorea hakuna, meli haijaleta. Mama yuko Lindi, msibani.

Mdogo wangu alipofungua lile sanduku hakujua anashika nini. Aliona kitambaa kizuri tu. Na alichokichora juu yake ni mama mwenyewe, kakaa mkekani, anapepeta mchele.

Mama akarudi anaumwa, akaacha kula. Asubuhi moja akaniambia nimtolee nguo yake, aione. Nikakuta harufu ya karafuu, nguo hamna. Mdogo wangu alikuwa kasimama mlangoni.

"Kaka," akaniuliza, "kwani ile niliyochorea picha ilikuwa ya nini?"

Mama ndiye aliyemjibu. Hakumgombeza. Akasema, "Ya kunizikia. Nendeni mkaniletee. Na mrudi wote wawili."

Tukaenda. Kwenye lile jumba nikavua ndala mlangoni, jinsi palivyokuwa kimya. Mlinzi akacheka, "Vaa tu, ndugu, hapa hatuswali."

Upande wa Wamarekani palikuwa na picha ya mtu anapuliza tarumbeta, mashavu kama maandazi, na nyingine ya wanawake shambani wanachuma pamba. Halafu palitundikwa blanketi la viraka. Blanketi, ukutani! Mwalimu akaja, Kiswahili chake cha kuokoteza, akanionyesha kwa kidole: "Bibi yangu ameshona. Hii suruali ya babu. Hii shati ya babu. Babu amekufa, bibi anashona."

Nikapata moyo. Nikasema huyu atatuelewa. Na alituelewa, hiyo ndiyo tabu yenyewe. Mdogo wangu alipomweleza, yule bwana hakubisha hata neno. Alipanda kiti, akaitungua picha kwa mikono yake, akang'oa misumari mmoja mmoja. "Chukueni, ndugu zangu. Ni ya mama."

Tukaigeuza. Rangi ilikuwa imepenya mpaka nyuma, uso wa mama umetokea kule pia, umefifia kidogo. Nikaukwangua kwa ukucha.

"Mafuta ya taa hayaitoi?"

"Hapana, ndugu."

"Sabuni je? Ya magadi?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Macho yamemjaa machozi, lakini machozi yake yangenisaidia nini? Shehe gani angekubali nimzike mama na sura yake mwenyewe imechorwa kwenye sanda? Palikuwa na pembe moja tu nyeupe, upana wa kiganja, rangi haikufika.

Mdogo wangu akaigusa ile pembe. Akajifuta mkono kwenye suruali, kama umechafuka.

"Kaka, we mpelekee."

"Nimpelekee nini?"

Akatoka. Nikadhani kaenda kutafuta gari la kubebea. Dirishani nikamwona anateremka barabara, akafika kituo cha basi, watu wamejaa wanangoja, akawapita, hakugeuka. Sisi tulikuwa bado tumeishika nguo, mimi ncha hii, mwalimu ncha ile, tunamsubiri. Hakurudi siku ile, wala hakurudi tena.