Kiganja cha Pacha Wangu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, atoaye na atwaaye, ambaye hadi leo ameniachia pumzi ya kumshukuru.

Asubuhi hii mkaza mwanangu alitwanga habasoda, na harufu yake ikanirudisha utotoni, katika duka la mwuza dawa, mtaani Ndia Kuu. Mzee yule wa Kihindi alimchanganyia kila mtoto dawa yake, akiipima kwa kiganja cha mtoto mwenyewe. Unga uliotosha kiganjani ndio uliokuwa kipimo chake.

Pacha wangu alishikwa na homa kali, hata mama akaogopa kumtoa nje. Akanichukua mimi nikapimiwe badala yake, maana tulilingana kwa kila kitu.

"Huyu mzima, bibi," mzee alisema. "Kipimo cha mzima kitamwua mgonjwa. Niletee mwenyewe."

Tukarudi naye, mama amembeba ndani ya leso. Mzee akamkunjua kiganja, akamimina unga. Vidole havikuweza kuushika, ukamwagika wote sakafuni. Mzee aliutazama, kisha akasogeza kinu chake kando.

"Mrudishe nyumbani, mwanangu," akamwambia mama. "Mpe asali tu."

Mama alielewa. Mimi sikuelewa. Nyumbani alimlambisha asali kwa kidole.

"Leo si chungu," ndugu yangu alisema, akatabasamu.

"Si chungu, babangu," mama akamjibu. "Lamba."

Kesho yake tulimzika baada ya swala ya alasiri.

Nawe usomaye, Mola akuhifadhie wanao, na akujaalie subira pale atakapokunyima ulichomwomba.