Krevete Zilizotaka Kuvunja Posa

Jamani, msinicheke. Au chekeni tu, maana Kadutu nzima, mtaa wetu hapa Bukavu, imeshacheka, na hata sasa nikipita karibu na mamas wa parokia hakosi mmoja wa kujishika tumbo na kujifanya anakohoa. Mimi ndiye Maman Riziki, yule yule anayezunguka mitaani akifundisha watu usafi wa chakula (nina kibao na michoro ya rangi, na shirika linanilipa mshahara kwa kazi hiyo), na ndiye mimi huyo huyo niliyewaharisha wakwe siku ya posa ya binti yangu wa kwanza. Sijui aibu hii nitaivua lini.

Mambo yalianza hivi. Riziki na Trésor walikuwa wamependana tangu chuo, na hatimaye familia ya Trésor ikatuma habari kwamba Jumamosi watatoka Kalehe kuja kumwomba rasmi. Papa Riziki, mume wangu, akaniambia nipike sambaza, dagaa wetu wa Kivu, na bugali, wageni washibe, waondoke. Nikamtazama hivi, nikasema sambaza? Watu wa Kalehe wanaoamka na kulala na ziwa mlangoni, wanaokula sambaza tangu hawajaota meno, waje mpaka Bukavu niwape tena sambaza? Mimi nilitaka krevete, wale kamba wa baharini wanaouzwa wameganda kwenye pakiti, ili Maman Trésor akirudi kwao aseme binti ametoka katika nyumba ya watu.

"Basi uzinunue Jumamosi asubuhi, uzipike palepale," Papa Riziki akasema. "Courant ya hapa unaijua, umeme haukai."

Hapo ndipo nilipopaswa kumsikia. Lakini mimi nani anishauri? Nikaogopa Jumamosi zitakuwa zimeisha dukani, nikaenda Jumatano, nikazibeba zikiwa nzuri kabisa, nikazitia kwenye congélateur yangu, friji la kugandishia, na kulala nikijisifu.

Alhamisi asubuhi, courant hakuna. Nafungua, krevete zinaogelea kwenye maji yao. Sasa mjue, sisi huku tuna mtindo wetu: ng'ambo ya avenue, barabara ya mbele yetu, kuna laini nyingine ya umeme, kwa hiyo kwetu kukikatika mamas tunavuka na mabeseni kwenda kugandisha kwao, na kwao kukikatika wanavuka kuja kwetu, na huo ndio ujirani, tumelea watoto hivyo. Nikavuka kwa Maman Espérance. Jioni akanipigia simu, "Maman Riziki, vitu yako iko nguvu kama libwe!" Ngumu kama jiwe! Nikamshukuru Mungu. Ijumaa kwao kukakatika, kwetu kukarudi, nikakimbia kuzichukua zikiwa zimeshalegea, nikazigandisha tena kwangu, usiku kwetu kukakatika tena, alfajiri nikavuka tena. Krevete zile zilivuka avenue kuliko mimi ninavyovuka kwenda misa. Na kila mara nikizigusa zikiwa ngumu, moyo wangu ulitulia, nikasema iko muzima.

Iko muzima! Mimi, mwenye kibao! Kwenye mchoro wangu wa tatu kuna vidudu vimelala kwenye barafu vimefumba macho, na mimi ndiye ninayewaambia watu kila wiki kwamba baridi haiui mikrobe, inazilaza tu, na chakula kikiyeyuka zinaamka na njaa, zinakula, zinazaana, halafu ukigandisha tena unalaza jeshi zima. Nimeyasema maneno hayo mpaka koo limekauka. Lakini ya kufundisha ni ya watu wengine, siku ya wageni wako unaona barafu tu.

Jumamosi jikoni, pakiti ilipoyeyuka kwa mara ya mwisho, vichwa vilikuwa vimeshika weusi na maganda yanateleza mkononi. Riziki akasogea, akarudi nyuma.

"Maman, hizi zinanuka."

"Ni harufu ya bahari. Weye bahari uliiona wapi?"

(Na mimi niliiona wapi? Maji makubwa ninayoyajua ni Kivu.)

Nikaziosha kwa ndimu, nikaziosha tena kwa siki, nikatia kitunguu saumu, nyanya na pilipili ya kutoa machozi, nikazichemsha nikijiambia moto utamaliza kila kitu. Moto unaua mikrobe, ndiyo. Lakini nyingine zinakuwa zimeshaacha sumu ndani ya nyama, na sumu ile haiogopi sufuria. Huo ni mchoro wa nne. Nilikuwa nimeutundika ukutani jikoni kwangu, juu ya jiko, ninawaapia.

Wageni walichelewa kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Kalehe. Kwa kawaida yetu mazungumzo yanatangulia na chakula kinafuata, lakini niliwaona walivyolowa na njaa machoni, nikasema hapana, kwanza wale. Basi wakala. Kwetu mwenye nyumba hagusi sahani kabla mgeni hajashiba, kwa hiyo sisi tuliwatazama tu na kutabasamu, na walipomaliza sufuria ilikuwa nyeupe. Maman Trésor aliongeza mara mbili. "Maman, hii kitu iko tamu sana," akaniambia, na mimi nikamgeukia Papa Riziki nikamkata jicho la ushindi.

Mazungumzo yakaanza. Upande wetu msemaji alikuwa Tonton Deo, ndugu ya mume wangu, mtu anayependa kusema kuliko anavyopenda kupumua. Upande wao alikuwa Muzee Bahati, baba mkubwa wa Trésor. Na kuna jambo moja lazima mlijue: katika ukoo wa mume wangu, wakiwa katikati ya posa, mgeni akisimama na kutoka nje bila kuomba njia, maana yake amemkataa binti. Hakuna kumrudisha. Shangazi ya mume wangu alikosa ndoa hivyo, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekwenda kufukuza mbuzi.

Wakazungumza ng'ombe, wakazungumza mbuzi, wakazungumza kitenge cha bibi, saa zikaenda. Riziki alikuwa chumbani nyuma ya pazia akingoja kuitwa. Tonton Deo akasimama, akakohoa, akauliza swali lenyewe: "Sasa mutuambie mbele ya batu yote. Huyu mutoto yetu, munamutaka, ao hamumutake?"

Muzee Bahati akafungua mdomo. Akaufunga. Jasho likamtoka, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akasimama na kutoka mbio.

Kabla hatujaelewa, kaka yake naye akatoka. Kisha shangazi wawili, wamekamatana. Kisha Trésor mwenyewe, bwana harusi, na suti yake mpya, bila hata kutazama pazia.

"Banatoka!" Tonton Deo akapiga kelele. "Banakula chakula yetu, kisha banamukatala mutoto yetu! Funga mulango!"

Papa Riziki akasimama amekunja ngumi, huko nyuma ya pazia nikasikia mwanangu ameanza kulia, kilio kile cha kujizuia ambacho mama anakijua. Pale nikaelewa. Ningenyamaza, heshima yangu ingebaki salama na ndoa ya mwanangu ingekufa. Nikasimama katikati ya sebule.

"Hapana bakatala," nikasema. "Ni tumbo. Ni krevete yangu. Zilikuwa zimeharibika, na mimi nilijua harufu yake, nikawapa hivyo hivyo."

Mmoja wa wajomba zao anayeishi hapa hapa Bukavu, aliyekuwa bado amejikaza kwenye kiti, akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri.

"Lakini maman," akasema, uso umemkunjamana, "si weye njo ulitufundishaka mikrobe ku parokia? Na ile michoro?"

Kisha naye akaondoka mbio.

Na pale pale, kutoka choo cha uani, ikasikika sauti ya Muzee Bahati kupitia mlango wa bati, imejaa maumivu lakini imejaa sheria pia: "Deo! Deo, sikia! Tunamutaka! Mutoto tunamutaka! Mama yake tu asitupikie tena!"

Tonton Deo akasema anayetoka kwa tumbo hajakataa, akaenda mpaka uani, akasimama mbele ya bati, akamwuliza mara ya pili kama desturi inavyotaka, na mara ya pili jibu likatoka mle ndani. Ndivyo binti yangu alivyoposwa.

Msidhani niliona raha. Maji ya bomba nayo yalikuwa yamekatika, nikakimbia na bidoni kuteka maji kwa majirani, nikachanganya maji ya sukari na chumvi kwa wote, na Maman Trésor tulimpeleka kituo cha afya wakamtundikia serum, yale maji ya mshipani. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa na hofu ya kweli, kwa sababu mtu anaweza kufa kwa mambo haya, na yeye alikuwa ameongeza mara mbili kwa kunipenda. Nililia. Yeye akanishika mkono.

Toka siku ile, jikoni kwangu kitu kikishayeyuka kinapikwa saa hiyo hiyo au kinatupwa, na kikinuka sikiulizi kimetoka bahari gani. Maman Espérance anasema nimekuwa mkali mno. Niacheni hivyo.

Walirudi mwezi uliofuata kukamilisha mahari. Nilikuwa nimenunua soda tu, nikijificha nyuma ya mlango wa jikoni, nikasikia hodi. Alikuwa Maman Trésor, na kichwani amebeba beseni limefunikwa kitenge. Akalitua mbele yangu, akafunua. Sambaza kavu za Kalehe, zimejaa mpaka juu.

"Shika, maman," akasema. "Hizi hazingojake courant."