Moto Kando ya Mafiga

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua imekatika, shangazi aliponiita jikoni kwake bila kupaza sauti. Kando ya mafiga, kwenye tundu la panya, uliwaka moto wa buluu. Haukuwa na kuni wala moshi. Ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Nyamahanga, kilikuwa na shimo moja la taka, nyuma tu ya jiko hilo. Wanajeshi waliopiga kambi shuleni walilijaza maganda ya ndizi na matumbo ya ng'ombe. Walipoondoka kwenda vitani tulilifukia kama tunavyofukia kaburi: udongo wa kichuguu, ukakanyagwa hadi ukang'aa, kisha tuta juu. Tulidhani tumemaliza uvundo.

Kesho yake jioni alikuja balozi wa nyumba kumi. Alianza na amri ya giza, maana taa zilikatazwa kwa hofu ya ndege za adui. Kisha akasema lililomleta: watu wanaogopa, wanadai pale penye moto pana mtu. Nyumba ibomolewe, shangazi ahamie mwisho wa kijiji.

"Mlinihamisha kwa lori nikamwacha mume wangu kaburini," shangazi alimjibu. "Sasa amefika. Mguu wake ulikuwa mbaya, ndiyo maana kachelewa. Nikihama tena, anitafute wapi?"

Alipokuwa akisema, moto uliinama kumwelekea. Balozi aliuona, nami niliuona. Akavaa kofia yake, akaaga mara mbili, asirudi tena na habari hiyo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba taka zikizibwa pasipo hewa hutoa gesi ya methani. Ikiachwa huru huzidisha joto la dunia; ikikusanywa huendesha mitambo. Udongo wetu uliifungia njia ya juu, ikapita tundu la panya, ikakutana na kaa la moto. Jiko lile lingeweza kulipuka. Hayo nayaelewa. Lakini pumzi ya shangazi ilipaswa kuusukuma moto upande wa pili.

Aliupikia maharage hadi kiangazi, ulipozimika. Akakaa matanga upya, katika nyumba ileile. Fedha ambazo kijiji kilitenga kumjengea kwingine zilibaki sandukuni zote: shilingi mia moja na ishirini.