Nilijipa alama za meditation nikafeli, na majoho ya kwaya yalikuwa yananingoja

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani, kibanda changu kiko soko la Kibuye hapa Kisumu. Ninayoandika yote yamenitokea, hata yale ya aibu. Hasa yale ya aibu.

Ugonjwa wangu ni kutoridhika. Nguo ikiisha, naifumua. Naishona tena. Mteja akija Ijumaa namwambia Jumatatu, na si uvivu. Nguo iko tayari, imepigwa pasi, nimeikalia tu.

Wateja wawili wazuri wameniacha hivyo mwaka huu.

Kwa hivyo kwaya moja ya mtaa wa Mamboleo iliponipa majoho ishirini na manne, ya kuvaliwa kwenye mashindano Jumapili, nilijua nikichelewesha haya, jina langu sokoni limekwisha.

Usingizi ukapotea. Nikaanza kusoma kwa simu mambo ya overthinking, nikajikuta kwa Wabudha. Niliogopa kidogo, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini maelekezo ya meditation yao yalikuwa rahisi: kaa, fuata pumzi, akili ikitoroka irudishe.

Sasa oneni nilichofanya.

Nilinunua daftari. Akili ikitoroka, naweka kistari. Siku ya kwanza, dakika kumi, vistari arobaini na moja. Nikajiandikia kwa kalamu nyekundu: FAIL.

Kesho yake nikakaza macho na kujikataza kuwaza kabisa. Hamsini na sita.

Nikae hapa kidogo. Baadaye nilisoma kwamba watu wa saikolojia wanalijua hili vizuri. Ukijikataza kuwaza kitu, akili inabaki ikichungulia kama hicho kitu kimerudi. Kutangatanga ni tabia yake ya kawaida. Pale unaposhtuka kwamba umetoroka, hapo ndipo zoezi lilipo. Yaani nilikuwa nafanya mazoezi vizuri sana na kujifelisha kwa kila moja.

Tuendelee. Jirani yangu Ouma anatengeneza redio na spika, na spika lazima ijaribiwe. Alhamisi mchana akanikuta nimefumba macho.

"Fundi, hiyo cherehani imekulaza?"

Nikamweleza kwamba nafundisha akili yangu kutulia, nikamwomba apunguze sauti.

"Sasa huo ni utulivu gani, mpaka soko lizimwe kwanza?"

Wauza mitumba walicheka. Mimi nilinuna, kwa sababu alisema kweli.

Nikaweka daftari chini, nikakaa na kelele zake. Spika ikalia, ikanyamaza. Hasira ikaja, ikaenda. Halafu ikaja sauti nyingine, ya ndani, ninayoijua miaka mingi: haiko sawa.

Hiyo ndiyo hunifumulisha nguo.

Lakini wakuu, macho yalikuwa yamefungwa. Sikuwa naangalia nguo yoyote. Ni nini hakikuwa sawa?

Nikafungua macho, nikachukua joho moja kati ya yale ya kwaya, yaliyokwisha kushonwa na kukunjwa. Kabla sijalikunjua, sauti ikasema haiko sawa. La pili, hivyo hivyo. Hukumu ilikuwa inatoka kabla ya kesi kusikizwa.

Basi nikaiacha iseme, mimi nikashika futi ya kupimia. Futi ikikubali, nakunja. Majoho ishirini na matatu yalipita.

Moja kola yake ilikuwa imeegemea upande mmoja kweli, kidogo sana. Mkono ulishaenda kwenye wembe. Lakini najijua. Ningefumua hilo, nililinganishe na mengine, nifumue na hayo, Jumapili iwakute wanaimba na sweta. Nikaliacha.

Jumamosi mwalimu wa kwaya alikuja, mama wa makamo asiye na haraka. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, hili kola yake imeegemea."

Aliligeuza, akasoma jina la mwimbaji kwenye karatasi niliyoibana humo, akalikunja.

"Nyathina, mwanangu, huyu anasimama mstari wa nyuma, na yeye mwenyewe ameegemea. Funga mzigo."

Akaondoka na yote ishirini na manne. Ile sauti ya haiko sawa ikaja tena, kwa nguvu, nikitazama mgongo wake ukipotea kwenye watu. Nikaiacha ije. Ingefumua nini? Meza ilikuwa tupu.

Sijapona. Nilichojifunza ni kwamba si lazima nitii kila wazo linalopita kichwani, hata likiongea kwa sauti yangu.

Kama kuna kazi umeimaliza na bado umeikalia, itaje hapa tukusindikize kuitoa. Na wajuzi wa meditation, nisahihisheni nilipokosea, lakini polepole. Nitasoma kila comment mara tano.