Jiwe la Nyotani

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Kisarawe. Siku moja alikuja kwetu Mzenga na gazeti la hadithi lililotupwa na bwana wake, akatusomea baada ya alasiri, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Watu walipanda chombo cha chuma hadi nyotani, wakachimba jiwe jeupe. Ukilamba unga wake, uchovu na uzee vinakukimbia.

"Uongo wa kutungwa huu," alisema. Lakini mama mkwe wangu, mgonjwa wa magoti, alikuwa ameshaamini. Na jirani yetu mchimba sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti unaofukuliwa ardhini, aliyekaa nasi barazani, alimwona anavyoamini.

Siku chache baadaye jirani akaja na madonge meupe kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mama. Lile jiwe la gazetini ndilo hili. Limeangukia msitu wa Vihingo."

Mimi ndiye niliyetwanga. Lilikuwa jepesi, likivunjika kama chokaa, na ndani mna manyoya. Nikayatoa, nikamkorogea mama kwenye uji, nami nikaonja kuona kama ladha imeharibika. Baada ya wiki mbili mama alikwenda kisimani mwenyewe, anacheka.

Kisha nikaenda kuokota kuni Vihingo. Karibu na tundu la fisi nikayakuta madonge yale yale, mengine makavu meupe, mengine bado mavi mabichi, ya kijani, yana nzi na vipande vya mifupa. Nilitapika hadi nyongo.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Hakuinua uso.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Usimwambie. Si anatembea?"

Nilikitazama kinywa chake, nikaona kinyaa kupita kile cha msituni. Nikamwambia mama yote, hata kwamba mwanawe alijua. Alisugua ulimi kwa majivu mpaka ukatoa damu, akatia udhu, akaswali, akasugua tena. Kinu tukakichoma moto.

Jirani nilipomkabili hakuona hata haya. "Magoti si yalipona?" Akachukua kitambaa chake, akaelekea Kongowe, alikosema kuna wagonjwa wengi.

Mwezi haukuisha, mama akarudi kulala kitandani. Nilipokuwa namkanda, alisukuma mkono wangu.

"Mwanangu alininyamazia kwa kunipenda," alisema. "Wewe ulishindwa nini?"

Nikahamia mguu wa pili.