Rejista Ilisema Hajambo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia leba, chumba cha kujifungulia, na viatu vipya vilivyonibana, na gauni nililolipiga pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilitoka Chiwata, binti wa mwalimu wa kanisa, nikijiona nesi kamili kwa kuwa cheti kilisema hivyo. Metroni, ndiye muuguzi mkuu wa hospitali niliyopangiwa upande wa Masasi, alinitazama juu mpaka chini, akanionyesha beseni la vyombo.

"Anza kuosha mikasi," alisema. "Cheti kitakusubiri."

Mama yule alikuwa mkali, lakini kila ninachokijua cha maana alinipa yeye. Alinifundisha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa kikombe cha mbao kinachowekwa juu ya tumbo, na sikio lako juu yake. Alinifundisha kushona msamba, ile nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, ambayo huchanika wakati wa kujifungua. Unapiga ganzi, unashona ndani kwanza, kisha misuli, ngozi mwisho. "Na uzi usiukaze," alikuwa akinigombeza, "hufungi gunia la korosho." Tena alikuwa na neno moja ambalo sikulitilia maanani: "Mtoto akilia, nyote mnamkimbilia mtoto. Mama mmemwachia nani?"

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa zahanati moja ya uwanda wa juu, wilaya ya Newala. Ninyi vijana mnaofungua bomba hamjui maji yalivyokuwa huko. Wanawake waliteremka mteremko mrefu na kupanda tena na ndoo kichwani, na arobaini ya mzazi ikiisha, ndoo yake ilikuwa inamsubiri mlangoni. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, alikuwa mtu msafi na mwenye haraka. Rejista zake hazikuwa na kisanduku kitupu hata kimoja.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tukizijaza, maana hapo ndipo penye aibu yangu. Wiki sita baada ya kujifungua, mama huja kliniki. Mtoto tunampima uzito na kumchanja. Mama ana kisanduku chake kimoja, "hali ya mama". Anafika, ananiamkia: "Shikamoo, sista." Nami: "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Naandika: hajambo. Mwingine aje! Niliandika neno hilo miaka na miaka, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Halafu akaja Mratibu wa afya ya uzazi kutoka wilayani, mwanamke mpole, anayeongea kama hana mahali pa kuwahi. Alituambia tuunde timu ya uboreshaji wa huduma. Maana yake, mnachagua jambo moja lisilokwenda vizuri, mnalibadilisha kidogo, mnaangalia kama limefaa. Mfawidhi alimfungulia rejista akasema kwa fahari kwamba upande wa wazazi hatuna tatizo. Mratibu hakubisha. Aliomba tu akae barazani asubuhi nzima.

Ilipokaribia saa nne aliniita. "Sista, yule mama mbona hakai? Benchi si lina nafasi?"

Nikacheka. "Yule ni Mama Shamimu wa Chilangala. Amemsindikiza mama mkwe wake, hawezi kukaa naye benchi moja. Ni heshima tu."

"Mkwe wake ameshaingia kupima presha," alisema Mratibu. "Yeye bado amesimama."

Tulimwita chumbani peke yake. Nilimzalisha mimi, na Shamimu wake alikuwa ameshafikisha misimu mitatu ya korosho. Mratibu hakumuuliza hujambo. Alimuuliza, "Ukikaa chini kubangua korosho, unakaaje?"

Mama Shamimu aliinamisha kichwa, kisha machozi yakamtoka. Alisema habangui akiwa amekaa, anapiga magoti. Tangu mtoto azaliwe kuna kitu kinamchoma pale chini kama mwiba, na akibeba ndoo kiuno kinakatika. Mkwe wake anamwita mvivu, kwa kuwa hata yeye alichanika kwa watoto wote na akateka maji. Na kwa mumewe ndiyo kabisa hawezi. Mume anadhani ana mtu mwingine, ameshasema korosho zikiuzwa tu atamrudisha kwao.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. Nilikuwa na hasira, nayo ilikuwa hasira ya mtu anayeogopa.

"Uliniuliza hujambo, sista. Mtu mzima akikuuliza hujambo, utamjibu nini?"

Nilimpima. Kovu lilikuwa gumu, limevutwa upande, kila uzi ulikuwa umekazwa. Nilikumbuka vizuri: kulikuwa na mzazi mwingine anasukuma chumba cha pili, nikashona upesi. Nilikuwa nimefunga gunia.

Mfawidhi alinivuta kando. "Ukiandika kwamba ni mshono wako, umejishtaki mwenyewe."

Mratibu alimsikia. "Aandike tu," alisema. "Tusipojua pameharibikia wapi, tutatengeneza nini?"

Niliandika. Kisha jioni ile nilifanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya: nilikwenda Chilangala. Baba Shamimu alinipa kiti, mama yake akasogea karibu asikie. Nikasema, "Baba Shamimu, mkeo hana mtu mwingine wala si mvivu. Anaumwa. Nami ndiye niliyemshona vibaya. Naomba radhi kwake na kwenu wote."

 Mama mkwe ndiye aliyeanza: "Kumbe huwa kuna dawa ya jambo hili?" Sauti yake haikuwa ya ukali tena, na nilijua hamwulizii mkwewe peke yake. Baba Shamimu alifuta uso kwa kiganja. "Basi nimemnunia mtoto wa watu bure," alisema. Wiki iliyofuata alimpeleka mwenyewe Masasi.

Huko daktari alilifungua kovu akalishona upya, na mtaalamu wa viungo akamfundisha mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli ya nyonga. Haikuwa siku moja, wala maumivu hayakuisha yote. Lakini hakurudishwa kwao.

Sisi nasi tulibadilika. Kwenye kliniki ya wiki sita, mkwe alipewa mtoto ambebe nje, mama akabaki na nesi, mlango umefungwa. Tuliuliza mambo ya kwake: unakaaje, ndoo unabeba, haja unapata bila kuumia, na mzee wako mmerudiana salama? Mwezi wa kwanza kisanduku kilijaa malalamiko. Mfawidhi alishika kichwa, rejista yake imechafuka! Mratibu alifurahi kama aliyepata mjukuu. Na mimi, na mvi zangu, nilikaa mbele ya nesi aliyetoka chuoni juzi, tukashona kipande cha sponji mpaka mkono wangu ukajifunza upya kutokaza.

Sasa nimestaafu, nina mikorosho yangu michache Makote na magoti yanayolalamika. Watu huniuliza kama kazi ile ilinichosha. Ilinichosha, ndiyo. Lakini nashukuru, kwa Metroni aliyenioshesha mikasi, kwa Mratibu aliyekaa barazani bila haraka, na zaidi kwa mwanamke aliyekubali nimpime tena baada ya kumuumiza.

Siku ya kuniaga zahanati ilipanga viti vya plastiki. Mama Shamimu alikuja na Shamimu mwenyewe, sasa mkubwa wa kutosha kubeba keki. Kijana mmoja wa ofisini akamsogezea kiti, akakikataa. Alitandika khanga chini mbele yangu, akakaa, akanyoosha miguu. Hotuba zilikuwa tano na zote zilikuwa ndefu. Sikusikia hata moja. Nilikuwa namtazama yeye tu, alivyokaa mpaka mwisho.